Kabureta ya Mama Mdogo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema kwa sababu nawajua mafundi: ukituachia tusimulie wenyewe, tukifika katikati ya hadithi mjinga atakuwa mteja, au kiwanda, au mvua. Hapana. Alikuwa mimi, mwenye akili zangu timamu, tumbo limeshiba, jua limetoka, na hakuna aliyekuwa ananikimbiza.

Ua wetu una karakana mbili zinazotazamana. Upande huu tuko mimi na kaka yangu, tunatengeneza pikipiki za zamani, zile ambazo vipuri vyake havitengenezwi tena na wenyewe wanazipenda kuliko wakwe zao. Upande wa pili alikuwa Cheche, mchomeleaji wa vyuma, jirani yangu wa miaka kumi na mtu niliyemtania kila siku ya Mungu. Mimi wananiita Redio. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Nilimtania Cheche kwa kila kitu. Mwendo wake, kofia yake, mageti yake yanayolia kama mbuzi. Kitu kimoja tu sikukigusa: alikuwa ameoa miaka minane na hajapata mtoto. Hata redio ina kitufe cha kupunguza sauti. Halafu mwaka ule mkewe akashika mimba, na Cheche mwenyewe akaanza kuchomelea kitanda kidogo kwa mabaki ya mabomba, akikipiga msasa kila jioni kabla ya kufunga. Nikajua sasa ruhusa imetoka.

"Hicho kitanda au kizimba cha kuku?" nikamuuliza.

"Wewe subiri alale humo, ndipo utajua."

"Akitoka na sura yako, ni kizimba."

Alicheka mpaka akavua miwani ya kuchomelea ajifute macho. Mtu aliyesubiri miaka minane huchekeshwa na chochote.

Sasa Mama Mdogo. Huyu ni mdogo wake marehemu mama yetu, mkunga wa zahanati, mkunga pekee kwa pande zetu zote mbili za mto. Alikuwa akiwafuata wazazi majumbani kwa pikipiki aliyoachiwa na mumewe. Baba Mdogo alikuwa tarishi. Alisambaza barua kwa pikipiki hiyo mpaka barua zikaisha, kisha akaisha yeye. Pikipiki ikabaki. Ilikuwa na umri kunizidi mimi, silinda moja, tangi la kijani lililochubuka magotini, na sisi tuliiita Babu. Mama Mdogo aliipenda kwa namna mtu anavyompenda ndugu mkorofi. Ilikuwa inakwama, inakohoa, lakini ilikuwa inafika.

Ilipoanza kukohoa zaidi, akatuletea tusafishe kabureta.

Kabureta, kwa asiyeijua, ndiyo koo la pikipiki. Petroli na hewa vinakutana humo vikichanganywa kwa kipimo, na vinapita kwenye matundu membamba kama unywele. Petroli ikikaa muda mrefu inaacha utando, mgumu kama vanishi, na utando huo unaziba. Kusafisha kabureta ya zamani kwa haki si kuikosha nje ikang'aa. Kaka ana utaratibu wake. Anatandika kitambaa cheupe mezani, anapanga kila kipande kwa mpangilio kilivyotoka. Vya mpira anavitenga, maana tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, inavivimbisha. Mwili wa kabureta anaulowanisha. Haingizi waya kwenye tundu hata siku moja, kwa sababu waya unatanua, na tundu likishatanuka halirudi. Kila jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, anakiinua juani akione kinatoa mwanga.

Lakini kuna tundu moja halitoi mwanga. Limepinda ndani ya chuma, na ndilo linalopitisha petroli ya kungurumia chini, pikipiki inapokuwa imesimama au mwendeshaji ameachia mafuta, yaani hausokoti mpini. Sisi tunaita silensa. Tundu hilo huwezi kuliona, inabidi uliulize. Kaka anachukua bomba la sindano, lile la hospitali, analijaza petroli, anasukuma upande huu na kungoja upande wa pili mpaka tone lidondoke.

"Kabureta haijasafika mpaka ilie," ndivyo anavyosema.

Kazi hiyo humla nusu siku. Mimi nilikuwa namcheka. "Kaka, unaosha kabureta au unaosha maiti?"

Jumanne ile Kaka alikuwa amesafiri kutafuta ringi za pistoni. Nilibaki mwenyewe na Babu. Cheche akaja na birika, akanimiminia chai kwenye kikombe cha bati, akakaa kwenye kreti kunitazama.

"Hiyo kazi inamla kaka yako nusu siku," akasema.

"Kaka anaioa kila kabureta inayoingia humu. Mimi nasalimiana nayo tu."

"Basi chai hii hapa. Ikipoa hujamaliza, kesho unanifagilia upande wangu."

"Isipopoa?"

"Nakuacha uongee siku nzima bila kukukatiza."

"Hiyo si zawadi, bwana. Hiyo ni haki yangu ya kuzaliwa."

Nikaanza. Nilifungua kikombe cha chini cha kabureta, nikamwaga uchafu, nikachovya mwili kwenye tina, nikasugua kwa mswaki, huku nikitangaza kama wale watangazaji wa mpira. Jeti kubwa nikaiinua juani: mwanga. Jeti ndogo: mwanga. Lile tundu la ndani nikalipuliza kwa mdomo, nikasikia kama kuna kitu kinapita, nikasema yatosha. Bomba la sindano lilikuwa kwenye rafu ya Kaka, hatua tatu kutoka nilipokaa. Nimezipima baadaye. Ni hatua tatu.

Nikafunga. Chai ilikuwa bado inatoa mvuke. Cheche akanipigia makofi.

Nikapiga kiki, ya pili ikashika. Nikaachia mafuta, ikazima. Nikawasha tena, nikaachia, ikazima tena. Cheche akainua nyusi.

Hapo, msomaji wangu, fundi yeyote anayejua kushika spana anajua kilichokuwepo. Pikipiki inayoishi ukiipa mafuta na kufa ukiyaachia imezibwa tundu la silensa, basi. Dawa yake ni kufungua upya, kuvuta kiti, kulowanisha, kuuliza kwa bomba. Na chai ingepoa, na Cheche angecheka, na kesho yake ningeshika ufagio. Hasara yote niliyokuwa naikimbia ni hiyo: kufagia ua mara moja.

Kuna skrubu pembeni mwa kabureta inayoinua mafuta kidogo yasijifunge kabisa. Nikaizungusha mizunguko miwili. Injini ikaacha kuomba kwenye tundu dogo, ikawa inakunywa kwenye kubwa. Ikanguruma, juu juu kidogo, lakini haikuzima. Ni sawa na kumpa mgonjwa gongo la kuegemea halafu kuwaambia ndugu zake amepona. Tena skrubu yenyewe springi yake ilikuwa imechoka kama mwenye pikipiki, na barabara zetu zinatikisa. Hilo nalo nililijua.

"Umeitia dawa gani?" Cheche akauliza.

"Siri za waganga hizo."

Nikanywa chai yangu ya moto.

Mama Mdogo alikuja kuichukua saa nane, begi lake la kazi mgongoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umeisafisha au umeitania?"

"Vyote viwili."

Akaiwasha, akaisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza matumbo ya watu. "Mbona inanguruma juu?"

"Imefurahi kukuona."

"Kaka yako ameiona?"

"Kaka ni nani mbele yangu? Panda, mama mdogo, watoto wanakusubiri huko duniani."

Akacheka, akapanda, akaenda.

Ijumaa, saa nne asubuhi, simu ya Cheche ililia. Alikuwa na kinyago usoni, nikamwona anakivua na kukiacha kianguke. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu, wiki tatu kabla ya siku zake, tena unakuja kwa kasi. Palepale akampigia Mama Mdogo, nikamsikia akimjibu kwenye kipaza sauti: "Natoka sasa hivi. Robo saa niko hapo. Mlaze ubavu, asisukume." Cheche akarukia baiskeli yake. Nyumbani kwake ni ng'ambo ya mto, juu ya kilima. Yeye hupita njia ya mkato ya kivuko cha miguu, na Mama Mdogo akitokea zahanati hupita darajani.

Nikampigia kelele akiwa getini: "Mwambie asizae mpaka nifike niikague sura."

Akainua mkono bila kugeuka, mabega yanatikisika kwa kicheko. Sijamwona akicheka tena.

Hazikupita dakika kumi, simu yangu ikalia. Mama Mdogo.

"Redio, imezima."

"Imezima au imesinzia? Huyo ni babu, saa nne ni saa yake."

"Sina muda wa hayo. Nimeteremka kwa kuachia mafuta, nimefika darajani imezima. Nikipiga kiki inashika, nikiachia inakufa."

Inashika, nikiachia inakufa. Mgonjwa alishautaja ugonjwa wake kwa jina na kabila. Sikio la kufa halisikii dawa, ila sikio lile lilikuwa langu na aliyekuwa anakufa alikuwa mwingine. Nilisikia nilichotaka kusikia: mama mtu mzima mwenye haraka ameinywesha pikipiki mafuta kupita kiasi.

"Umevuta choki?"

"Nimevuta."

"Ndiyo maana, umeilewesha. Rudisha choki, iache ipumue, halafu piga kiki taratibu, kama unambembeleza mkwe."

Nikasikia kiki. Nikasikia injini ikikohoa, ikishika, ikifa.

"Tena," nikasema. "Hiyo ilikuwa karibu."

"Redio, niiache nitembee?"

"Uache nini, mama mdogo? Nimeisafisha kwa mikono yangu, haina kitu. Piga kumi, ya kumi na moja inaondoka."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini, mimi ndiye fundi. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, begi mgongoni, alipiga kiki pale darajani, na mimi huku nikimhesabia kwa sauti ya utangazaji: tatu hiyo, nne hiyo, ya tano imegonga mwamba. Mara mbili alisema kuna simu nyingine inaingia, nikamwambia usikate, tuko ukingoni. Ilipofika ya kumi na sita akasema, "Nakwenda kwa miguu," akakata.

Simu ikanionyesha urefu wa mazungumzo yetu. Dakika kumi na nne.

Nikarudi kwenye mnyororo niliokuwa naupaka grisi. Nilikuwa napiga mluzi, nakumbuka na wimbo wenyewe. Nikafika katikati ya mnyororo ndipo yale maneno yakanirudia, bila sauti ya mtu, kama yameandikwa. Nikiachia inakufa. Mluzi ukakata. Nikachukua pikipiki ya mteja bila kufunga mlango, nikaenda.

Babu nilimkuta darajani, amesimamishwa vizuri kwenye stendi yake, ufunguo umo. Hata katika haraka ile Mama Mdogo hakuitupa. Nilipanda, nikashikilia mafuta robo, nikapiga kiki moja. Ikawaka. Moja. Ningemwambia maneno matatu tu kwenye simu, "shikilia mafuta, usiachie," angeondoka kwa kiki ya kwanza na kilima kile angekipanda kwa dakika mbili.

Niliiacha palepale ikizima yenyewe, nikapanda kilima kwa ile nyingine. Nyumba ya Cheche ina mlango wa chuma aliouchomelea mwenyewe, una maua ya vyuma. Nje kulikuwa na majirani wawili wanawake, wamesimama. Nilitega sikio nikisubiri mtoto alie. Nilisubiri sana. Nyumba yenye mtoto mchanga ina kelele yake, na nyumba ile ilikuwa na sauti ya maji yanayomiminwa kwenye beseni tu.

Mama Mdogo akatoka, mikono ya gauni imekunjwa mpaka juu ya viwiko. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, mara mbili. Mwenye ujuzi huingiza kidole, hukitelezesha, humpitisha mtoto, kazi ya pumzi tatu. Pale palikuwa na jirani aliyeshika taa ya simu na Cheche aliyeshika mkono wa mkewe. Mama Mdogo alifika mtoto ameshatoka, wa bluu, wa kiume. Alimpulizia kwa nusu saa. Mama mtu alikuwa akivuja damu, huyo alimwokoa.

Cheche alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba. Aliponiona akasema, "Redio. Umekuja. Ahsante, ndugu yangu."

Alinishukuru. Nikakaa chini kando yake. Majirani baadaye walisifia jinsi Redio alivyonyamaza kwa heshima.

Tulimzika Jumamosi. Kaburi la mtoto halihitaji watu wengi. Wachimbaji wawili walimaliza kabla jua halijapanda. Kaka alikuwa amerudi asubuhi ileile, akaja na vumbi la safari. Cheche alisimama ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na mimi nilisimama nyuma yake ili asinione usoni.

Jumapili Kaka akaivuta Babu mpaka ndani, akatandika kitambaa cheupe. Hakuniuliza kitu. Alifungua kabureta, akapanga vipande, akachukua bomba la sindano, akajaza, akasukuma. Tukasubiri. Upande wa pili palibaki pakavu kama mfupa. Akasukuma tena mpaka petroli ikamrudia vidoleni. Kisha akaitazama ile skrubu ya pembeni. Ilikuwa imesharudi nyuma karibu mzunguko mzima kwa mtikisiko, lakini rangi ya shaba iliyosuguliwa upya ilionyesha ilikofikishwa.

"Nani ameinua hii?"

"Kaka, lile tangi lina kutu," nikasema. "Hata ungesafisha vipi, kutu itateremka tu. Halafu petroli ya siku hizi unajua inavyochanganywa. Na pikipiki yenyewe ina miaka hamsini, chuma nacho kinachoka..."

"Nimeuliza nani ameinua."

"Mimi."

"Ulijua kwa nini unainua?"

Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wangu ulikuwa na mfupa wa paja. "Nilijua," nikasema.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliitia kabureta kwenye tina, akaketi, akangoja mpaka adhuhuri. Mara ya sita alipolisukuma bomba, upande wa pili likatokea tone moja la kahawia, zito, kama gundi. Akalipangusa kwa ncha ya kitambaa cheupe, akaniwekea kitambaa mbele yangu.

"Hili tu," akasema. Halafu, "Cheche anajua?"

"Hajui."

"Basi kazi bado haijaisha." Akaenda kunawa mikono.

Mama Mdogo alikuja mchana huo kwa miguu, anachechemea. Kiki ya Babu ilikuwa imemrudi na kumpiga mguuni pale darajani; shavu la mguu lilikuwa limevimba na kuwa na rangi ya bilinganya. Alikuwa hajaniambia kwenye simu. Au aliniambia, nami nikawa nahesabu.

Nikamwambia yote, tundu, bomba, skrubu, chai. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mama mdogo," nikasema, "nakuomba usimwambie Cheche."

"Sitamwambia."

"Ahsante, mama..."

"Usinishukuru, sikufichi. Mdomo wa kumwambia unao wewe, na hakuna ninayemjua anayeutumia wake zaidi. Ila yule mtu alinipigia simu mara sita nikiwa nawe. Nilipofika aliniuliza nilikuwa naongea na nani, nikamwambia kwanza tumhudumie mkeo. Atauliza tena. Akiuliza, mimi simdanganyi mtu aliyetoka kuzika."

"Mara sita?"

"Alitaka nimwelekeze kwa simu. Mtoto kichwa kilikuwa kimeshatoka. Kukitelezesha kitovu naweza kumwelekeza hata kinyozi."

Akachukua funguo, akazitazama, akazirudisha mezani. "Mwambie kaka yako aniletee mwenyewe," akasema, akaondoka anachechemea.

Usinifikirie vibaya kuliko ninavyostahili. Jioni ile nilivuka ua mara tatu kwenda upande wa Cheche, ingawa nilijua hayupo. Nilikuwa najizoeza. Mara ya kwanza nilianza na tangi. Mara ya pili nilianza na zahanati, kwa nini mkunga awe mmoja. Mara ya tatu nilijikuta natafuta mzaha wa kufungulia, na nikakaa chini pale pale penye vumbi la chuma.

Jumatatu akaja yeye. Saa tatu, Kaka akiwa kwenye mashine ya kutobolea, mimi nikiwa nimekaa bila kufanya lolote. Hakwenda upande wake. Alivuka moja kwa moja akasimama mbele ya meza yetu, shati safi, ndevu hazijanyolewa.

"Pole, ndugu yangu," nikasema. "Mke anaendeleaje?"

"Amekaa kitako leo." Akaweka mkono juu ya meza. "Nimetoka kwa Mama Mdogo. Nimemuuliza Ijumaa pale darajani alikuwa anaongea na nani muda wote ule. Amesema nije nikuulize wewe."

Mashine ya Kaka ikazimwa. Kaka hakugeuka, lakini hakuiwasha tena.

"Alikuwa anaongea na mimi," nikasema.

"Kuhusu nini?"

"Pikipiki ilimzimia."

"Na wewe ukamwambiaje?"

Nikamwambia. Sikumficha, hilo najisifu, kama kuna wa kunisifu. Nilimwambia tundu lilikuwa limeziba na nilijua limeziba. Nilimwambia kuhusu skrubu. Nilimwambia Mama Mdogo aliniuliza aiache atembee, nikamkataza. Nilimwambia nilikuwa nahesabu kiki na kucheka. Nilimwambia dakika kumi na nne, nikatoa simu nimwonyeshe, akaisukuma kando kwa kidole kimoja.

"Mimi nilikuwa nimekaa hapa," akasema taratibu, akiitazama kreti. "Siku ile unaifunga. Iliponguruma nilikupigia makofi."

"Hukujua, Cheche. Wewe hukujua."

"Wewe?"

"Nilidhani... sikudhani itafika huko. Nani angedhani? Pikipiki inazima kila siku, watu wanatembea, wanafika." Nilisikia sauti yangu ikipata kasi, ile kasi yangu, na sikuweza kuizuia. "Na hata angefika, ndugu yangu, nisikilize. Kitovu mara mbili. Mtoto wa kabla ya siku. Hospitali kubwa zenye mashine wanakufa. Mimi kosa langu nalibeba, sikatai, nitalibeba mpaka naingia ardhini. Lakini tusijitese kwa ambayo hatuyawezi. Siku ya mtu ikifika imefika, hakuna fundi wa kuisogeza mbele wala nyuma. Hayo alishayapanga Mungu."

Cheche alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akinisubiri miaka yote. Akahakikisha nimenyamaza.

"Ya Mungu nilimalizana naye Jumamosi, pale kaburini," akasema. "Hapa nimekuja kwa fundi."